Gemu Inakwama: Majibu kwa Maneno ya Vibandani, Mbinga hadi Mbamba Bay

Fedha ya kahawa ikishaingia, wapo vijana wa Mbinga wanaonunua bati, wapo wanaonunua pikipiki, na wapo wanaonunua kompyuta mpakato. Si mpya. Ni zile Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya na Marekani, zikashushwa Kariakoo, zikasafirishwa hadi Songea, kisha zikapanda milima ya Umatengo au kuteremka mpaka Ziwa Nyasa. Nyingine bado zina herufi za Kijerumani kwenye kibodi. Ni mashine imara, ila zilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu. Kijana anaweka PES 2017 au GTA V, picha zinaanza kurukaruka, na hapo maneno yanaanza. Kila kibanda cha gemu kina mjuzi wake, kila duka la kuchapa na kutoa nakala lina fundi wake, na wote wana jibu.

Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi, nayajibu moja moja. Baadhi yana chembe ya ukweli, na pale ilipo nitaikubali. Mengine kazi yake ni kula fedha za watu tu.

“Hii ni Core i7, kwa hiyo ni ya gemu.”

Hili limeuza kompyuta nyingi kuliko madai mengine yote. Namba 7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja. Haipimi nguvu kwa vizazi vyote. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu inayofuata kistari, au kwenye mbili za kwanza kuanzia kizazi cha 10. Prosesa iitwayo i7-3520M ni ya kizazi cha 3, ilitoka mwaka 2012, na ina viini viwili. Ile iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ilitoka mwaka 2017, na ina viini vinne. Kwa upande wa picha, ile i7 ya zamani imebeba grafiki za Intel HD 4000, ambazo haziijui kabisa DirectX 12, lugha ambayo gemu nyingi za miaka ya karibuni huitumia kuzungumza na grafiki. Gemu inayoitaka lugha hiyo haitafunguka hata ukeshe unaibembeleza.

Hata ndani ya kizazi kimoja, tofauti inaweza kuwa jina tu. Chukua i5-6200U na i7-6600U: zote zina viini viwili, zote zina grafiki zilezile za Intel HD 520. Ya pili inakimbia haraka kidogo, basi. Anayeongeza fedha nyingi ili apate “i7” kwa ajili ya gemu, hapo amenunua kibandiko.

Herufi ya mwisho nayo ina maana yake. U ni alama ya chipu iliyopangiwa takribani wati 15, na wati hizo prosesa na grafiki vinagawana. Kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani ya wacheza gemu, peke yake, hula wati mia na zaidi. Huo ndio ukweli ambao maneno mengi ya vibandani yanaukwepa: mashine hizi zina posho ndogo ya umeme na joto. Hakuna ujanja wa kuiongeza posho hiyo kwa kiasi cha maana, lakini zipo njia nyingi za kuipoteza, na kompyuta nyingi ninazoziona Mbinga zinaipoteza.

“Grafiki zake ni GB 4, angalia mwenyewe.”

Muuzaji anaandika dxdiag, dirisha linafunguka, anakuonyesha namba kubwa karibu na 4000. Namba hiyo ni ya kweli, maelezo yake ndiyo ya uongo. Grafiki za Intel zilizomo ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao wenyewe. Zinaazima kwenye RAM. Windows huziruhusu kuazima mpaka nusu ya RAM iliyopo, kwa hiyo kompyuta yenye RAM ya GB 8 itaonyesha karibu GB 4 hata kama grafiki zake ni dhaifu kiasi gani. Shuka mstari mmoja chini yake, mara nyingi utakuta MB 128, na hapo muuzaji hukumbuka kwamba ana mteja mwingine anamsubiri.

Kuna mafundi wanaotoza fedha “kuongeza grafiki” kwa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuandika namba mpya. Kinachobadilika hapo ni namba inayosomwa. Inaweza kuidanganya gemu inayokagua kiwango cha chini kabla ya kufunguka, na kwa gemu chache hilo linasaidia kuvuka mlango. Kuongeza kiasi kwenye BIOS nako ni hivyohivyo. Nguvu ya kuchora picha inabaki ileile.

“Ongeza RAM, gemu itateleza.”

Hapa wajuzi wa vibandani wana nusu ya haki, na nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambapo fedha kidogo huleta mabadiliko yanayoonekana kwa macho.

Kompyuta yenye GB 4 na Windows 10 inaanza kuhangaika kabla gemu haijafunguka. Ipeleke GB 8. Baada ya hapo, swali la maana zaidi ni vipande vingapi. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2400 kinapitisha data GB 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanana vinapitisha GB 38.4, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa pamoja. Grafiki zinazoazima RAM zinategemea mno njia hiyo. Mkulima wa Mbinga anaujua mtambo wa kati wa kumenya kahawa mbivu, ambao nao kwa bahati huitwa CPU: uwe mpya kiasi gani, kahawa ikiletwa na mtu mmoja mwenye ndoo, mtambo utasubiri ndoo.

Kwa hiyo vipande viwili vya GB 4 ni bora kwa gemu kuliko kipande kimoja cha GB 8, ingawa jumla ni moja. Intel wenyewe wanalichukulia jambo hili kwa uzito: kwenye prosesa kama i5-1135G7 ya kizazi cha 11, kompyuta yenye kipande kimoja cha RAM huonyesha jina “UHD Graphics”, na ukiongeza cha pili jina linageuka kuwa “Iris Xe”. Kutoka vipande viwili vya GB 8 kwenda viwili vya GB 16, kinyume chake, hakutaongeza chochote kwenye PES.

Kabla ya kununua, fungua Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, uone nafasi ngapi zipo na ngapi zimejaa. EliteBook 840 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili. ThinkPad ndogo za X240, X250, X260 na X270 zina nafasi moja tu, na hapo hakuna la kufanya. Ni kompyuta nzuri za kubeba, na ndiyo maana zimejaa madukani. Kwa gemu zitakuangusha.

“Mbinga baridi, kompyuta haiwezi kupata joto.”

Mji wa Mbinga uko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Unaposhuka kwa ile barabara ya lami hadi Mbamba Bay unalivua koti njiani. Nakubali basi kwamba ubaridi unasaidia: hewa ya chumbani ikiwa pungufu kwa nyuzi 10, prosesa nayo huwa pungufu kwa karibu nyuzi hizohizo, ikiwa mengine yote yako sawa.

Shida ni kwamba mengine yote hayako sawa. Kwanza, Juni na Julai usiku Mbinga watu wanacheza gemu kitandani, kompyuta ikiwa juu ya blanketi. Matundu ya kuvutia hewa ya mashine nyingi yako chini ya tumbo lake. Blanketi linayaziba, na baridi ile iliyomfukuza kijana mezani ndiyo inayoishia kuipika kompyuta yake. Pili, hewa ya milimani ni nyepesi, pungufu kwa takribani sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Si jambo kubwa, lakini linatosha kumnyamazisha anayedhani mwinuko ni faida tupu.

La tatu ndilo kubwa: vumbi. Kiangazi cha Mbinga ni chekundu. Anayeishi njia ya Kitai na Ruanda, kunakopita malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, anapata na jeusi. Nyumba inayopikia kuni inaongeza moshi wenye mafuta, na mafuta hayo hulifanya vumbi ling’ang’anie. Kompyuta iliyofanya kazi miaka mitano ofisini Ulaya tayari ilikuja na tabaka lake. Fungua mfuniko wa chini, na kati ya feni na yale mapezi membamba ya kupozea utakuta zulia. Zulia kabisa, unaweza kulivua kwa vidole.

Chipu hizi zinapokaribia nyuzi 100 hazifi; zinajipunguza kasi zenyewe ili zisife. Mchezaji haoni onyo lolote. Anaona dakika kumi za kwanza gemu inateleza, halafu inaanza kuwa nzito, halafu anasema “imechoka”, anazima, anawasha baada ya chakula, inateleza tena. Dalili hiyo ni ya joto, na tiba yake haihitaji RAM wala Windows mpya. Usafishwe mfumo wa kupozea, na ubadilishwe ule ute wa kijivu kati ya chipu na bomba la shaba, ambao mafundi huuita pesti na ambao baada ya miaka hukauka ukawa kama chokaa. Katika kazi zote anazofanya fundi wa kompyuta kwa ajili ya gemu, hii ndiyo ninayoilipia bila kubishana.

Wapo wanaoipeleka kompyuta kwa fundi wa matairi ipulizwe kwa kompresa. Upepo wa kompresa hubeba maji na mafuta, na nguvu yake huizungusha feni kwa kasi ambayo haikuumbiwa. Tumia brashi laini, na feni uishike kwa kijiti isizunguke.

Huko ufukweni dai linageuka: “Huku kuna joto, iweke juu ya chupa za maji ya barafu.” Hewa ya Mbamba Bay, hasa ile ya Oktoba na Novemba kabla mvua haijakata joto, ina unyevu mwingi. Kitu baridi kikikutana nayo hutoka jasho, kama chupa ya soda inavyolowesha meza. Jasho hilo likitokea ndani ya kompyuta, ndiyo mwisho wa ubao wake. Mtu wa Liuli au Lituhi atafaidika zaidi akiinua nyuma ya kompyuta kwa vizibo viwili vya chupa ili tumbo lipumue, na akielekeza feni ya kawaida ya chumbani upande wake. Vile vibao vyenye feni vinavyouzwa madukani vinasaidia kidogo, na sehemu kubwa ya msaada huo ni kule kuinua tu.

“Umeme wa huku ni mdogo, ndiyo maana gemu ni nzito.”

Watu wa Ruvuma wana sababu ya kuusingizia umeme. Kwa miaka mingi Songea na Mbinga ziliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na gridi ya taifa ilifika Songea pale laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Kutoka Songea hadi ziwani bado ni waya mrefu unaopita milimani, na jioni kila nyumba ikiwasha, taa zinaweza kufifia.

Ila kompyuta haili umeme wa ukutani moja kwa moja. Soma maandishi madogo kwenye chaja: 100–240V. Volti zikishuka mpaka 170, chaja inatoa volti zilezile 19 au 20 ilizopangiwa, na gemu haijui kilichotokea. Stabilaiza mnunulie friji. Kinachoua chaja ni umeme kurudi ghafla kwa nguvu, na radi za masika. Wingu likifunga upande wa milima ya Livingstone, chomoa.

Chaja yenyewe, hata hivyo, ni kisa kingine, na hapa kuna jambo ambalo nashangaa halisemwi. Kompyuta za Dell zina sindano nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kazi yake ni kuitambulisha chaja: hii ni ya Dell, ina wati kadhaa. Chaja ya bandia ikishindwa kujitambulisha, au sindano ikipinda, kompyuta itawaka, itafanya kazi, lakini haitachaji betri, na prosesa itashikiliwa kwenye kasi yake ya chini kabisa. HP nao wana utambulisho wa namna hiyo. Mwenye kompyuta anaona ujumbe mfupi wakati wa kuwasha, anabonyeza kitufe upite, kisha anakwenda kwa fundi kulalamika kwamba GTA inakwama. Fundi anapiga Windows upya. Inakwama tena. Anauziwa RAM. Bado inakwama. Kosa lilikuwa kwenye waya.

Ukitaka kujua kama unalo tatizo hilo, fungua Task Manager sehemu ya prosesa, iache gemu iendelee, na uangalie kasi kwa gigahezi. Ikiwa imeganda chini ya 1 tangu unapowasha, mshuku chaja. Ikianza juu kisha ikashuka baada ya muda, shuku joto. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Palepale kuna dai jirani: “Usicheze huku unachaji, utaua betri.” Fuata ushauri huu na utakuwa umeipunguzia gemu nguvu kwa mkono wako, kwa maana kompyuta ikiwa kwenye betri hubana matumizi, na betri iliyotumika miaka sita haiwezi hata kutoa nguvu inayodaiwa. Betri huchoshwa na joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni. Dell na Lenovo wanao mpangilio wa kuizuia isipite asilimia 80. Uwashe, chomeka chaja, cheza. Kwa wanaohofia LUKU: chaja ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa tatu inakula uniti 0.2. Pasi ya dada yako inazimaliza hizo kabla shati la pili halijanyooka.

“Weka programu ya kuongeza kasi.”

Programu hizi hufunga programu nyingine zilizo wazi. Mikono yako inaweza hilo, na Windows 10 ina hali yake ya gemu tangu mwaka 2017. Zaidi ya hapo zinaonyesha mshale unaopanda na neno la pongezi. Zile zinazosambazwa kwa flashi kutoka kibanda kimoja hadi kingine zina hatari ya ziada: wapo wanaoficha ndani yake programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni, na prosesa yako inamfanyia kazi mtu usiyemjua. Feni ikinguruma wakati hujafungua kitu, anzia hapo.

Upande wa programu, chenye uzito ni kimoja, nacho ni draiva. Fundi akiweka Windows haraka bila intaneti, mara nyingi anaiacha bila draiva ya grafiki. Nenda kwenye orodha ya vifaa; ukisoma “Microsoft Basic Display Adapter”, basi grafiki zako zimelala na prosesa inachora picha yote peke yake. Weka draiva ya mtengenezaji na utadhani umebadilishiwa mashine. Ila ukishaiweka, tulia. Kwa grafiki za kizazi cha 6 hadi cha 10, Intel waliacha mwaka 2022 kutoa maboresho ya kila mara kwa ajili ya gemu mpya, kwa hiyo anayekutoza kila mwezi “kusasisha draiva” anakutoza kwa kazi ambayo haipo.

Na wale wa GTA San Andreas wanaoshauriana kuzima kizuizi cha fremu: kizuizi kile kiliwekwa kwa sababu mwendo wa gemu umefungwa kwenye idadi ya fremu. Kizime, na CJ, mhusika mkuu wa gemu hiyo, atashindwa kuogelea vizuri.

“Shusha kila kitu chini kabisa.”

Ushauri huu si mbaya, ni wa uvivu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukiiambia gemu ichore kwa 1280 kwa 720, zinabaki 921,600, chini ya nusu. Hakuna mpangilio mwingine unaopunguza mzigo kiasi hicho kwa hatua moja. Kwa hiyo anza na ukubwa wa picha, peke yake, na utazame fremu kwa sekunde. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, kipimo kimo humo tayari. Fremu zikipanda sana, grafiki ndizo zilizokuwa zimeelemewa. Zisipopanda, mzigo uko kwenye prosesa au joto, na unaweza kuharibu sura ya gemu yote bila kupata fremu hata moja.

Baada ya hapo ondoa vivuli, kisha ule ulainishaji wa kingo. Kwenye GTA V shusha nyasi, ambazo huwafanya wengi wakwame wakitoka mjini kwenda mashambani bila kujua kwa nini. Kwenye soka, watazamaji wa jukwaani wanaweza kurudi nyumbani. Lakini ubora wa picha zinazovishwa ukutani na kwenye jezi unategemea kumbukumbu zaidi ya nguvu ya kuchora; ikiwa una GB 8 za RAM, uache wa kati.

Halafu funga fremu kwenye 30 ikiwa mashine haifiki 60 kwa uthabiti. Vijana hukataa hili kwa sababu ya heshima. Fremu 30 zisizoyumba zinachezeka vizuri kuliko zile zinazoruka kati ya 50 na 22, na mashine inabaki na ubaridi wa kuendelea hadi mwisho wa mechi.

“Weka SSD”, na “nunua bando kubwa”.

SSD inunue kwa sababu nyingine zote: kompyuta inawaka upesi, gemu inafunguka upesi, na kule kushtuka unapoingia eneo jipya la ramani kunapungua. Fremu za wastani zinabaki zilezile.

Bando ni jambo la mbali kabisa. Mpira unapochelewa kufika mguuni kwenye mechi ya mtandaoni, hiyo ni safari ya data. Picha inapokatika hata ukicheza na kompyuta peke yako, hizo ni grafiki. Kutoka Mbinga hadi Frankfurt, kwa mfano, ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 70 hata kama waya ungepita angani moja kwa moja, na haupiti. Unazunguka kwa Dar es Salaam na baharini. GB 50 za bando hazifupishi njia.

“Suluhisho ni kununua yenye NVIDIA.”

NVIDIA ipi? Dell Latitude E6430 zilikuja nyingine zikiwa na NVS 5200M, chipu ya ofisini ya mwaka 2012 ambayo familia yake iliachwa kwenye draiva mpya tangu 2018. Jina lipo kwenye kibandiko, faida ni ndogo. ThinkPad T480 yenye MX150 ni hadithi tofauti, inazidi grafiki za Intel zilizomo humohumo, ingawa MX150 nayo ilitoka katika matoleo mawili yenye jina moja na posho tofauti za umeme. Na ukishakuwa na kadi mbili, hakikisha gemu inatumia iliyo sahihi. Windows 10 tangu mwaka 2018 inakuruhusu kuchagua kwa kila gemu kwenye mipangilio ya skrini. Nimeona kompyuta ambayo kadi yake nzuri haijawahi kuamshwa tangu inunuliwe. Kuibadilisha baadaye usitegemee, kwa kuwa kwenye mashine za aina hii chipu imechomelewa kwenye ubao.

Watu wanapuuza upande wa AMD. HP EliteBook 745 G5 yenye Ryzen 5 PRO 2500U ina grafiki za Vega 8, ambazo kwa gemu zinaiacha mbali UHD 620 ya Intel za umri huohuo, mradi RAM iwe vipande viwili. Kwa kuwa haina “Core i7” kwenye kibandiko, wanunuzi wengi wanaipita, na hapo ndipo penye nafasi ya kupunguziwa bei.

Ukienda dukani Songea, beba gemu yako kwenye diski ya nje. Omba chaja itakayouzwa pamoja na mashine hiyohiyo, si ya duka. Cheza dakika ishirini Task Manager ikiwa wazi pembeni, utazame kasi ya prosesa dakika ya kwanza na ya mwisho, na uweke kiganja pale hewa inapotokea: ikiwa tumbo linaunguza na hewa inayotoka ni hafifu, kuna zulia ndani, na bei ya kulitoa ikatwe kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali dakika hizo ishirini, mshukuru uvuke barabara.